Kuazimana Vitabu Baina ya Maktaba za Umma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameulizwa dirishani, kwenye simu na katika vikao vya wakutubi. Mengine tumeyasikia mara nyingi mno hata jibu tunalijua kabla muulizaji hajamaliza. Tumewaandikia wasomaji wa Afrika Mashariki, pamoja na wakutubi wenzetu wa maktaba ndogo ambao mara nyingi hufanya kazi peke yao. Kila jibu linajitegemea, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa tumekuelekeza kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Kuazimana vitabu baina ya maktaba maana yake nini?

Unataka kitabu, na maktaba ya mjini kwako haina. Badala ya kukujibu "hatuna" na habari ikaishia hapo, mkutubi anatafuta maktaba nyingine iliyo nacho, anakiomba kwa niaba yako, kinaletwa, unakisoma kwa muda uliopangwa, kisha unakirudisha pale pale ulipokichukulia. Maktaba yako ndiyo inayokirejesha kwa mwenyewe.

Wewe huandikiani na maktaba ya mbali hata mara moja. Maktaba ya Songea haikujui, na haina sababu ya kumwamini mtu isiyemjua aliye Tabora. Lakini inaijua maktaba ya Tabora: ina jengo, ina muhuri, ina mkubwa wa kazi anayeweza kuandikiwa barua. Maktaba yako inasimama kama mdhamini wako, na kwa udhamini huo kitabu kinasafiri.

2. Kuhamisha vitabu kati ya matawi nako ni kuazimana?

Kwa msomaji hakuna tofauti, kwa kuwa kitabu hakikuwapo na sasa kipo. Kwa mkutubi tofauti ni kubwa. Tanzania Bara, maktaba za mikoa na wilaya ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, hivyo kitabu kikitoka mkoa mmoja kwenda mwingine hakijabadilisha mikono. Mali ni ya mwenyewe yule yule. Zanzibar ina huduma zake za maktaba, kwa hiyo kitabu kikivuka bahari kwenda Unguja huko ndiko kuazimana kwenyewe. Kenya, Katiba ya 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, na kaunti ni 47. Hapo inabidi kuandikiana (tazama swali la 13).

3. Je, ni jambo geni lililotoka nje?

Nje kuna historia ndefu. Mwaka 1876 Samuel Swett Green, mkutubi wa mji wa Worcester huko Massachusetts, aliandika katika jarida la wakutubi wa Marekani akipendekeza maktaba ziwe zinaazimana vitabu. Uingereza, mwaka 1916 ilianzishwa maktaba iliyokusudiwa kuwapelekea vitabu watu wazima waliokuwa wakisoma madarasa ya jioni, watu wa viwandani na migodini ambao vitabu vya masomo yao vilikuwa ghali kuliko mishahara yao. Maktaba hiyo ilikua, mwaka 1930 ikawa National Central Library, na 1973 ikaunganishwa ndani ya British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ambayo ghala lake la kuazimisha liko Boston Spa, Yorkshire.

Lakini kwetu pia jambo hili si la jana. East African Literature Bureau ilipoundwa mwaka 1948, mbali na kuchapisha vitabu, iliendesha huduma ya maktaba kwa nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika. Palikuwa na masanduku ya vitabu yaliyopelekwa vituoni, yakakaa kwa muda, kisha yakabadilishwa. Palikuwa na huduma ya posta pia: msomaji aliye mbali anaandika barua, kitabu kinamfuata. Mwalimu wa shule ya kijijini aliyefungua sanduku lile alikuwa akisoma kitabu kilichokwisha kusomwa kituo kingine, na baada yake kingesomwa na mtu asiyemjua. Hicho ndicho tunachokizungumzia ukurasa huu mzima.

Ripoti ya S. W. Hockey ya mwaka 1960, kuhusu huduma za maktaba Afrika Mashariki, ndiyo iliyotengeneza njia ya kila nchi kuwa na bodi yake ya maktaba. Tanganyika ilitunga sheria 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Na sanduku halikufa. Tangu 1996, Garissa, vitabu hupandishwa juu ya ngamia na kupelekwa kwa jamii za wafugaji. Ngamia mmoja hubeba masanduku, mwingine hubeba hema la kusomea.

## Faida yake

4. Kwa nini maktaba isinunue tu kitabu ninachokitaka?

Kwa sababu vitabu vingi vyenye thamani kubwa kwa mtu mmoja havitaombwa na mtu wa pili kwa miaka. Fedha za kununulia vitabu katika maktaba ya wilaya ni chache, na mkutubi mwenye busara atazitumia kwanza kwa vitabu vinavyogombewa: vya kiada, riwaya, kamusi, vya watoto. Hatakosea. Ila yule msomaji mmoja mwenye hitaji lake la pekee ataondoka mikono mitupu kila mwaka.

Nitoe mfano nilioushuhudia. Kijana fundi wa mashua alikuja kuulizia kitabu kinachoeleza namna ya kuchora chombo kwenye karatasi kabla ya kukikata mbao. Babu zake walijenga kwa jicho na kamba, naye alijua kazi hiyo, ila mteja alimtaka mchoro. Katika miaka yangu yote dirishani hakuna mwingine aliyewahi kuulizia kitabu cha namna hiyo. Tulikipata katika maktaba ya chuo, kikaja kwa basi kimefungwa kwenye boksi la biskuti. Alikuwa akija kila jioni baada ya kazi, mikono bado inanukia sifa, mafuta ya samaki yanayopakwa mashua, akinakili vipimo kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Tungekinunua, leo kingekuwa kimekaa rafuni tangu siku ile. Tungesema "hatuna", asingerudi tena kuuliza chochote.

Pia kuna vitabu ambavyo fedha haisaidii, kwa kuwa havichapishwi tena. Hivyo huwezi kuvinunua hata ukiwa na uwezo (tazama swali la 11).

5. Maktaba kubwa hazinyonywi na ndogo?

Hofu hii huwa kubwa kabla ya kuanza, kisha hupungua. Maktaba kubwa huazimisha zaidi kuliko inavyoazima, ni kweli. Lakini ina vitabu ambavyo havijafunguliwa kwa muda mrefu, na kitabu kilichogharimiwa kwa fedha za umma kikikaa bila kusomwa ni hasara ambayo haionekani kwenye hesabu za mwaka. Kukituma kwa miezi miwili mahali kinapohitajiwa hakumpunguzii msomaji wa jijini kitu.

Isitoshe, maktaba ndogo zina vitu ambavyo kubwa hazina. Vijitabu vya historia ya kata, tenzi zilizochapwa na matbaa ndogo ya mjini, magazeti ya dayosisi au ya msikiti, ripoti za wilaya, nakala alizoacha mwalimu mstaafu. Mtafiti akitaka kujua bandari ndogo ya kusini ilikuwaje miaka ya sitini, huenda jibu halipo Dar es Salaam wala Nairobi. Liko kwenye kabati la maktaba ambayo hata barabara ya lami haijafika.

Ushauri wetu ili mzigo usimwelemee mmoja: omba kwa jirani kwanza. Maktaba Kuu iwe ya mwisho kuombwa.

6. Siku hizi si kila kitu kiko kwenye simu?

Hapana. Vitabu vingi vya Kiswahili vilivyochapwa kabla ya miaka ya tisini havijawahi kuwekwa mtandaoni kwa njia halali, na vingine havijawekwa kwa njia yoyote. Bando nalo ni fedha, na kusoma kurasa 300 kwenye kioo cha simu chenye ufa ni adhabu. Simu inasaidia sana katika jambo moja ambalo zamani lilichukua wiki nzima: kujua kitabu kiko wapi.

Na hapa niseme ninaloliamini kwa moyo wote. Kila mtu hulalamika kwamba vitabu ni vichache, na ni kweli. Lakini mara nyingi kitabu msomaji anachokitafuta kipo, saa chache tu kwa basi, na hakuna anayejua. Uhaba wetu mkubwa zaidi ni wa orodha. Maktaba mbili zilizo barabara moja zinaweza kuishi miaka 40 bila kujua rafu za mwenzake zina nini.

## Kwa msomaji

7. Naombaje kitabu, na nije na taarifa gani?

Nenda kwa mkutubi wa maktaba uliyo mwanachama. Jina la mwandishi na jina la kitabu vinatosha kuanzia. Ukijua mwaka, toleo, mchapishaji au namba ya ISBN iliyo nyuma ya jalada, lete, hasa kwa vitabu vya masomo ambavyo toleo la tatu na la tano huwa ni vitabu viwili tofauti.

Hujui jina? Usiogope kuja. Eleza mada, eleza rangi ya jalada kama ndiyo unayoikumbuka, taja shule uliyokisomea. Wakutubi huipenda kazi hiyo.

Tuambie pia tarehe ambayo baada yake kitabu hakitakufaa tena. Mwanafunzi anayefanya mtihani Novemba hana haja na kitabu kitakachofika Desemba, na ni afadhali kujua mapema ili tutafute njia nyingine (tazama swali la 15).

8. Kitachukua muda gani, na nitalipa?

Kutoka mji jirani, kwa basi, kinaweza kufika baada ya siku mbili au tatu. Kutoka mbali hesabu wiki kadhaa. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina zaidi ya kilomita 1,200, na kifurushi hupitia mikono mingi. Ucheleweshaji mkubwa, hata hivyo, hautokei barabarani. Hutokea ombi linapolala juu ya meza ya mtu.

Kuhusu malipo, kila maktaba ina utaratibu wake, kwa hiyo uliza kabla ya kuomba. Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma la mwaka 1994 linasema huduma hizi kimsingi ziwe bure. Maoni yetu ni kwamba nauli ya kitabu ilipwe na maktaba, si msomaji, kwa sababu anayehitaji kitabu cha mbali mara nyingi ndiye asiye na nauli ya kukifuata. Kama maktaba haina budi kutoza, itoze kiasi kimoja kinachojulikana, na wanafunzi wasamehewe. Mtoto akishaambiwa mara moja kwamba swali lake lina bei, harudi tena.

9. Kikipotea au kikiharibika mikononi mwangu?

Utawajibika kwa maktaba yako, nayo itawajibika kwa mwenye kitabu. Kanuni za kimataifa za kuazimana, ambazo shirikisho la vyama vya maktaba duniani, IFLA, lilizikubali kwa mara ya kwanza mwaka 1954, ziko wazi: tangu kitabu kinapotoka mlangoni kwa mwenyewe hadi kinaporudi, dhamana ni ya maktaba iliyoomba. Hata kikilowana ndani ya basi ambalo wewe hukulipanda, mwenye kitabu hatakiwi kupata hasara.

Ukikipoteza, sema mapema. Nakala nyingine ya kitabu kile kile hupendwa kuliko fedha, maana fedha ya fidia huingia kwenye mfuko mkuu na rafu hubaki na pengo. Ukikuta ukurasa umechanika, usiubandike kwa gundi ya utepe. Gundi ile hugeuka manjano na kula karatasi. Lete ukurasa wenyewe ndani ya bahasha.

10. Vitabu gani kwa kawaida havitolewi?

Kamusi kubwa na vitabu vya rejea, magazeti yaliyojaladiwa, miswada ya mkono, vitabu dhaifu, na vile vinavyogombewa na wasomaji wa pale pale. Pia nakala ambazo wachapishaji huzipeleka Maktaba ya Taifa kwa mujibu wa sheria. Hizo ni hifadhi ya nchi. Hutunzwa ili baada ya miaka mia bado ziwepo, na husomewa ndani.

11. Natafuta kitabu cha zamani cha Kiswahili ambacho hakichapishwi tena. Nianzie wapi?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, na huulizwa zaidi na watu wazima: mtu anakumbuka kitabu alichokisoma darasa la nne na anataka wajukuu wake wakione.

Anza na maktaba yako, uombe watafute katika maktaba za mikoa au kaunti za jirani. Maktaba za miji ya zamani zina rafu ambazo hazijapaliliwa, yaani hazijaondolewa vitabu vya zamani, tangu miaka ya sabini, na mara nyingi hizo ndizo hazina yenyewe. Mwambie mkutubi atazame namba 896.392, ambayo ni ya fasihi ya Kiswahili katika mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, na 496.392, ya lugha yenyewe. Kisha Maktaba Kuu ya Taifa, halafu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho maktaba yake ina mkusanyiko maalumu wa Afrika Mashariki. Huko huenda usikiazime, ila utakisoma ukiwa pale, au utapata nakala ya sura unayoihitaji.

Mwisho kabisa, nje. SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika jijini London, ina vitabu na miswada mingi ya Kiswahili. Maktaba ya Herskovits katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Evanston, Illinois, ni miongoni mwa hazina kubwa za vitabu vya Afrika duniani. Wasomaji wetu walio Ulaya na Marekani wasiisahau njia hii. Maktaba ya mtaani kwako, hata kama haina hata kitabu kimoja cha Kiswahili, inaweza kukuombea kutoka chuoni, na wengi hawajui kwamba wana haki ya kuomba. Inaumiza kujua kwamba baadhi ya vitabu vyetu ni rahisi kuvipata Illinois kuliko Lindi. Ndiyo maana maktaba ndogo zisitupe vitabu vya zamani kabla ya kuuliza wenzao.

## Kwa wakutubi wanaotaka kuanza

12. Hatuna kompyuta, hatuna orodha. Tutaanzaje?

Anzeni maktaba mbili tu zinazofahamiana, na aina moja ya vitabu. Fasihi ya Kiswahili, au kilimo na ufugaji. Mkitaka kuanza na vyote mtachoka kabla ya mwezi kwisha.

Kama kuna simu yenye kamera, pigeni picha migongo ya vitabu, rafu baada ya rafu, mtumiane. Haina uzuri wa orodha ya kitaalamu lakini inafanya kazi siku hiyo hiyo. Nimeona mkutubi akikuza picha kwa vidole viwili na kusema "kile pale cha kijani, nitumie." Hatua ya pili ni daftari lenye safu tano: mwandishi, jina, mwaka, namba ya rafu, nakala ngapi. Ikipatikana kompyuta, programu ya maktaba iitwayo Koha ni ya bure. Ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba ya umma huko New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, na vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinaitumia, hivyo wa kukufundisha hayuko mbali. Daftari lililoandikwa vizuri huingizwa humo bila kuanza upya.

13. Maktaba zetu ziko chini ya kaunti au halmashauri tofauti. Nani atoe ruhusa?

Wakubwa wa pande zote mbili watie saini makubaliano mafupi, kurasa mbili zinatosha. Yaseme kitabu kinakaa muda gani, vingapi kwa wakati mmoja, nani analipa nauli ya kwenda na nani ya kurudi, vipi havitoki (swali la 10), na fidia inakadiriwaje.

Jambo moja dogo ambalo limeua mipango mingi mizuri: mtu wa kuwasiliana naye atajwe kwa cheo, si kwa jina. Mipango hii huanzishwa na wakutubi wawili wanaopatana. Mmoja akihamishwa, kila kitu hunyamaza, na vitabu vilivyokuwa njiani hubaki vilipo.

Ikiwa wakubwa wanasitasita, waonyesheni kwamba lile Tamko la UNESCO la 1994 linataka uwepo mtandao wa kitaifa wa maktaba za umma, unaohusishwa na maktaba za shule na vyuo. Hamuombi upendeleo; mnatekeleza jambo lililokubaliwa zamani.

14. Tuna vitabu vingi vya msaada visivyosomwa. Tuvigawe kwa wenzetu?

Vigaweni vinavyofaa. Kitabu cha sheria za kodi za nchi nyingine cha mwaka 1988 hakiwi na maana kwa kuhamishwa wilaya. Ila mkiwa na nakala 30 za kitabu kizuri cha watoto, baki na tano, zilizosalia zifungeni masanduku na kuzizungusha kwa jirani kwa zamu, kila sanduku na orodha yake imebandikwa ndani ya kifuniko. Vitabu vya watoto husafiri vizuri kwa njia hii kwa sababu mtoto haombi kitabu kwa jina. Anataka kukuta kipya.

## Sheria, waandishi na mipaka

15. Badala ya kitabu, tunaweza kutuma picha za kurasa?

Kuazimisha kitabu na kukinakili ni mambo mawili. Makala moja, au sura moja fupi kwa mtu mmoja anayejisomea, kwa kawaida ndivyo maktaba hufanya, na hufaa sana muda unapokuwa mfupi. Kitabu kizima chenye hakimiliki, hapana, hata kama anayeomba ana shida ya kweli. Someni sheria ya hakimiliki ya nchi yenu kuhusu maktaba kabla ya kuweka utaratibu, na hesabuni kurasa.

16. Waandishi wetu hawapotezi mauzo?

Swali la haki, na waandishi wana sababu ya kuliuliza, kwa kuwa uharamia wa vitabu umewaumiza. Lakini kitabu kinachoazimishwa kilinunuliwa, na hakiongezeki kwa kusafiri. Anayekiomba kutoka mkoa mwingine mara nyingi asingekinunua kwa kuwa dukani hakipo. Maombi yale yale yakirudiwa ni habari njema kwa mchapishaji: kitabu kikiombwa na maktaba nne ndani ya mwaka, hicho kinastahili kununuliwa, na sisi hukinunua.

Nchi nyingine humlipa mwandishi kidogo kwa sababu vitabu vyake huazimishwa na maktaba. Denmark ilianza mwaka 1946, Uingereza ikapitisha sheria yake 1979. Ningefurahi kuona jambo hilo likijadiliwa huku kwetu kwa uzito.

17. Na vitabu vya kielektroniki?

Hapa mambo yamekaza. Kitabu cha karatasi maktaba inakimiliki. Cha kielektroniki hupewa leseni tu, na leseni nyingi zinakataza kukiazimisha kwa maktaba nyingine. Kabla ya kulipia, someni sharti hilo, na ulizeni kama maktaba kadhaa zinaweza kununua leseni moja kwa pamoja.

18. Wasomaji wasioona wanaingiaje?

Wao ndio wanaohitaji kuazimana kuliko yeyote, kwa sababu vitabu vya nukta nundu ni vichache, ni vikubwa na ni ghali kutengeneza. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kutumika 2016, unaruhusu nakala zilizotengenezwa kwa ajili ya wasioona kutumwa kutoka nchi moja kwenda nyingine bila kuomba idhini ya kila mwenye hakimiliki. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Tena kanuni za posta za kimataifa zinasamehe ada ya kawaida kwa vitabu vya wasioona. Uandikwe juu ya kifurushi kwamba ni vitabu vya wasioona, na karani wa posta akumbushwe kwa upole.

19. Kitabu kikivuka mpaka hakitatozwa ushuru?

Mkataba wa Florence wa 1950, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimo, unasamehe vitabu ushuru wa forodha. Hata hivyo afisa wa mpakani huona boksi, haoni mkataba. Wekeni ndani barua yenye muhuri inayosema ni vitabu vya maktaba, haviuzwi, na vitarudi tarehe fulani. Kwa malipo kati ya maktaba za nchi mbalimbali, IFLA ilianzisha vocha mwaka 1995. Lengo lake lilikuwa kuziepusha maktaba na gharama za benki zinazozidi bei ya kitabu chenyewe.

## Yasiyo ya kawaida

20. Maktaba ya mbali itajua mimi ndiye ninayesoma kitabu hicho?

Haipaswi. Fomu inayotumwa huandikwa namba ya ombi na jina la maktaba yako, basi. Mtu anaweza kuwa anasoma kuhusu talaka, ugonjwa au imani nyingine, na mji mdogo una masikio. Mkutubi anayetaja dirishani, watu wakisikia, kwamba "kile kitabu chako cha ukimwi kimefika" amevunja amana. Kitajwe kwa namba ya ombi, na kikabidhiwe kikiwa kimefungwa.

21. Baada ya kumzika baba tumekuta kitabu chenye muhuri wa East African Literature Bureau. Turudishe wapi?

Hili limetufikia zaidi ya mara moja, wakati mwingine kwa aibu, familia ikidhani itatozwa faini ya miaka 60. Hakuna faini. Bureau ilitoweka pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani iliyovunjika 1977, na kazi yake ya maktaba ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na bodi za nchi moja moja.

Kipelekeni maktaba ya umma iliyo karibu. Msikifute muhuri wala kuondoa karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani, kwa sababu tarehe zile zinaonyesha jinsi kilivyokuwa kikitoka na kurudi, na lini mara ya mwisho. Kama marehemu aliandika pembeni, acheni yalivyo. Mkutubi atakiandikisha upya, na mkitaka, ataandika kwenye daftari kwamba kimerudishwa na familia ya nani.